Vijana viziwi wa Johannesburg na mikono iliyokatazwa

Tarehe 19 Julai mwaka 2023, Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini alitia saini marekebisho ya katiba yaliyoifanya lugha ya alama ya nchi hiyo kuwa lugha rasmi ya 12. Hafla hiyo ilifanyika katika majengo ya serikali mjini Pretoria, si mbali na Johannesburg. Kwa wananchi wengi lilikuwa tukio la kisheria lililopita kama mengine. Kwa viziwi, hususan vijana walio shuleni, lilikuwa jibu lililochelewa kwa swali lililodumu zaidi ya karne moja: mtoto asiyesikia ajione kuwa ni nani?

Kijana wa miaka 14 au 15, popote alipo duniani, hujitazama sana. Huupima mwili wake kwa macho ya wenzake, hujiuliza kama anapendeza, kama anakubalika na kama maisha anayoishi yanamridhisha. Wataalamu wa saikolojia huyaita mambo hayo taswira ya mwili, kujithamini na kuridhika na maisha, na kwa miongo mingi wamekuwa wakiwalinganisha vijana viziwi na wenzao wanaosikia. Kila tofauti ilipoonekana, chanzo chake kilitafutwa kwanza katika sikio. Historia ya Johannesburg, jiji lililozaliwa na dhahabu mwaka 1886 na kisha kugawanywa na ubaguzi wa rangi, inaelekeza kwingine. Inaonyesha kwamba jambo lililoamua zaidi namna kijana kiziwi alivyojiona lilikuwa darasani: je, alipewa lugha ya kujieleza, au alinyang'anywa?

Azimio la Milano

Shule ya kwanza ya viziwi nchini Afrika Kusini ilianzishwa mjini Cape Town mwaka 1863 na Askofu Thomas Grimley wa Kanisa Katoliki, mzaliwa wa Ireland, akisaidiwa na masista wa Shirika la Mtakatifu Dominiko. Pamoja na dini, walimu wa mwanzo walileta alama zilizokuwa zikitumika katika shule za viziwi za Ireland. Mwaka 1881 shule nyingine ilifunguliwa Worcester, katika jimbo hilo hilo la Rasi, chini ya kanisa la Waprotestanti wenye asili ya Kiholanzi. Huko nako mikono ilitumika kufundishia.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 1880, walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Milano, Italia. Wajumbe walikuwa 164, na karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Walipitisha azimio kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko kuzungumza kwa alama, na kwamba viziwi wafundishwe kwa mdomo pekee. Kuanzia hapo alama zilianza kufukuzwa madarasani, kwanza Ulaya na Marekani, halafu katika makoloni.

Mtoto kiziwi alitakiwa atazame midomo ya mwalimu, akisie maneno, kisha atoe sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. Akikosea, alirudia. Katika shule nyingi za mfumo huo duniani, watoto waliokutwa wakizungumza kwa mikono waliadhibiwa, na wengine waliamriwa kuikalia mikono yao. Hivyo kiungo ambacho kwa mtoto huyo kilikuwa ulimi wake kikafanywa kuwa kitu cha aibu.

Masista wa Dominiko kutoka Ujerumani, walioanzisha shule ya viziwi mjini King William's Town katika miaka ya 1880, walikuja na mfumo huo wa mdomo. Ni kutokana na kazi yao kwamba mwaka 1934 ilifunguliwa Shule ya Mtakatifu Vincent katika mtaa wa Melrose, kaskazini mwa Johannesburg, kwa ajili ya watoto wa kizungu.

Kusikilizana bila masikio

Mtoto mweusi wa Johannesburg aliyezaliwa kiziwi hakuwa na shule yake hadi mwaka 1941. Mwaka huo Kasisi Arthur Blaxall wa Kanisa la Anglikana, Mwingereza aliyekuwa pia miongoni mwa waasisi wa Baraza la Taifa la Viziwi la mwaka 1929, alifungua shule magharibi mwa jiji. Shule hiyo, ambayo baadaye ilihamishiwa Rustenburg, ilipewa jina la Kutlwanong.

Jina hilo linastahili kutazamwa kwa makini na kila anayezungumza Kiswahili. Katika lugha za Kisotho na Kitswana, kitenzi chake cha asili humaanisha kusikia, na pia kuelewa na kuhisi. Kutlwanong ni mahali pa kusikilizana, kwa maana ile ile ambayo Mswahili akisema jirani wawili hawasikilizani hazungumzii masikio yao. Lugha nyingi za Kibantu zimeliweka sikio juu sana. Mtoto mwema ni msikivu, mkaidi ni asiyesikia la mkuu, na sikio la kufa halisikii dawa. Kwa mtoto kiziwi aliyekulia katika jamii zenye mazungumzo ya namna hiyo, kutosikia kulielekea kuhesabiwa kuwa upungufu wa akili au wa adabu. Watu waliompa shule jina la kusikilizana walikuwa wakisema kwamba maelewano yanawezekana hata sauti isipokuwapo.

Blaxall mwenyewe hakusalimika na utawala wa makaburu. Mwaka 1963, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alitiwa hatiani chini ya sheria ya kupambana na ukomunisti kwa kuvisaidia vyama vya ukombozi vilivyopigwa marufuku, kisha akarejea Uingereza.

Jiji moja, shule za rangi

Chama cha National kiliposhika madaraka mwaka 1948, ubaguzi uliokuwapo uligeuzwa kuwa sheria. Mwaka 1950 ilipitishwa sheria ya kuwatenga watu kimakazi, na mwaka 1953 sheria ya elimu ya Wabantu iliyolenga kumwandaa mtoto mweusi kwa kazi za chini. Viziwi nao waligawanywa. Anayetaka kuielewa Johannesburg ya enzi hizo anaweza kuzifuata shule zake za viziwi kama anayefuata ramani: Mtakatifu Vincent huko Melrose kwa wazungu, M.C. Kharbai huko Lenasia kwa watoto wenye asili ya Kihindi, na Sizwile huko Dobsonville, Soweto, kwa weusi. Sizwile ni neno la Kizulu lenye maana ya tumesikia, au tumeelewa.

Vijana hao waliishi katika jiji moja na walikuwa na hali moja, lakini hawakukutana. Kila kundi lilikuza alama zake bwenini na uwanjani, mbali na macho ya wakubwa.

Kwa upande wa lugha ya kufundishia, ubaguzi ulizaa jambo la ajabu. Shule za wazungu zilipewa mashine za kupima usikivu, vifaa vya kusaidia kusikia na wataalamu wa matamshi. Mfumo wa mdomo ulihesabiwa kuwa wa kisasa na wa heshima, na ulihitaji fedha nyingi. Shule za weusi hazikupewa fedha hizo, na kwa sababu hiyo alama zilivumiliwa zaidi. Kutlwanong ilijulikana kwa kutumia alama zilizobuniwa Uingereza na Richard Paget, zikifuata mpangilio wa sentensi za Kiingereza. Hazikuwa lugha ya viziwi wenyewe, lakini angalau mikono ilikuwa huru.

Watafiti wa baadaye waliligundua jambo hilo kwa mshangao. Kijana wa kizungu alipewa kila kitu isipokuwa ruhusa ya kuzungumza kwa mikono yake. Kijana mweusi aliachiwa mikono lakini alinyimwa masomo, maabara na mitihani ya kumfikisha chuo kikuu, naye akaelekezwa kwenye ufundi wa mikono. Mmoja alijifunza kwamba alikuwa nakala mbovu ya mtu anayesikia. Mwingine alijifunza kwamba hata angeelewa kila kitu, hakuna aliyemngoja mbele ya safari. Wote wawili walinyimwa nafasi ya kujiona kuwa watu kamili.

Kisha kulikuwa na sera ya lugha ya mama. Serikali iliwataka watoto weusi wa shule za msingi wafundishwe kwa lugha za makabila yao, kama sehemu ya mpango wa kuwatenga Wazulu, Wasotho, Waxhosa na wengineo katika maeneo yao. Sera hiyo iliwafuata hata viziwi, na shule zikafunguliwa mbali na miji, Nkandla kwa Wazulu na Thaba Nchu kwa Watswana na Wasotho. Mtoto ambaye hakuwahi kusikia neno moja la Kizulu aliandikishwa kuwa msemaji wa Kizulu. Lugha aliyoizungumza kweli, ile ya mikono, haikuwamo katika orodha yoyote ya serikali.

Juni 1976

Tarehe 16 Juni mwaka 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa nusu ya masomo yao kwa Kiafrikana. Polisi waliwafyatulia risasi. Picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akiwa amebebwa mikononi, ilizunguka dunia nzima. Siku hiyo huadhimishwa hadi leo nchini humo kuwa Siku ya Vijana.

Maandamano ya Soweto yalihusu mambo mengi, lakini cheche yake ilikuwa lugha ya darasani. Vijana wanaosikia walisema kwamba kufundishwa kwa lugha wasiyoijua vyema ni kufanywa wajinga kwa makusudi. Hoja hiyo hiyo ingeweza kutolewa na kila mtoto kiziwi nchini, mweusi kwa mweupe. Tofauti ilikuwa kwamba vijana wa Soweto walikuwa na lugha inayotambulika ya kukataa kwayo. Walikuwa na mabango, nyimbo na wazazi waliowaelewa. Kijana kiziwi, ambaye mara nyingi hakuweza hata kuzungumza kwa kina na mama yake, alikuwa na malalamiko hayo hayo bila jukwaa la kuyatolea.

Suala la mama ni zito. Tafiti zilizofanywa hasa Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Wengi wa wazazi hao hawajui alama. Mtoto hukulia katika nyumba yenye upendo lakini isiyo na mazungumzo. Mezani watu wakicheka, naye akauliza kulikoni, huambiwa ataelezwa baadaye. Viziwi wa nchi mbalimbali wamelitaja jibu hilo kuwa miongoni mwa kumbukumbu zao chungu zaidi za utotoni.

Wataalamu walipima nini?

Mwaka 1965 mwanasosholojia wa Marekani, Morris Rosenberg, alichapisha kipimo cha kujithamini kilichotokana na utafiti wake juu ya wanafunzi wa sekondari. Kina kauli 10 tu, na kijana huulizwa ni kwa kiasi gani anakubaliana nazo. Mwaka 1985 Ed Diener na wenzake walitoa kipimo cha kuridhika na maisha chenye kauli 5. Vipimo hivyo viwili vimetumika duniani kote, vikiwemo kwa vijana viziwi.

Matokeo yamekuwa na utata. Baadhi ya tafiti zilikuta vijana viziwi wakijithamini chini kuliko wanaosikia, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Sehemu ya utata ilitokana na kipimo chenyewe. Kauli hizo huandikwa kwa lugha ya watu wanaosikia, nayo kwa kiziwi wengi ni lugha ya pili ambayo shule iliwafundisha vibaya. Kijana anayeshindwa kuielewa sentensi huweza kuonekana kama anayejidharau, kumbe tatizo ni sarufi. Ndiyo maana watafiti wa baadaye walianza kuvitafsiri vipimo hivyo katika lugha za alama.

Mwaka 1993 mtafiti Yael Bat-Chava alizikusanya tafiti nyingi zilizotangulia na kuzichambua kwa pamoja. Aliona kwamba viziwi waliokulia katika nyumba na shule zilizotumia alama walielekea kujithamini zaidi, na kwamba kujihisi sehemu ya jumuiya ya viziwi kulisaidia pia. Kwa maneno mengine, ukubwa wa uziwi haukueleza mengi. Kilichoeleza zaidi ni kama kulikuwa na watu wa kuzungumza nao.

Kuhusu mwili, jambo limekuwa na sura mbili. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu walipotazama picha za watoto wenye kifaa cha kusaidia kusikia, waliwakadiria kuwa na uwezo mdogo kuliko walipotazama picha za watoto hao hao bila kifaa. Kijana hahitaji kusoma utafiti ili kulitambua jicho hilo. Msichana huziacha nywele zifunike masikio, mvulana hukiacha kifaa nyumbani. Lakini katika shule ya viziwi, ambako kila mtu ana kifaa au hakuna anayekijali, jambo hilo hupoteza uzito. Huko uzuri hupimwa pia kwa namna nyingine, kwa uso unaoongea na mikono inayosimulia vizuri. Mwili ni ule ule, ila kioo kimebadilika.

Lugha moja, si nyingi

Ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukielekea ukingoni, ndipo viziwi wa Afrika Kusini walipoanza kulijibu swali la lugha yao hadharani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilichapishwa kamusi ya alama za kusini mwa Afrika iliyosimamiwa na Profesa Claire Penn wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Kamusi hiyo ilikusanya alama kutoka jumuiya mbalimbali, na neno moja mara nyingi lilikuwa na alama kadhaa. Wengine walisema huo ni ushahidi kwamba kila kabila na kila rangi ina lugha yake ya alama.

Wataalamu wa isimu walilikataa wazo hilo. Miongoni mwao walikuwa Debra Aarons na Philemon Akach. Akach ni Mkenya aliyeshiriki katika utafiti wa lugha ya alama jijini Nairobi kabla ya kwenda kufundisha Afrika Kusini. Walionyesha kwamba tofauti zilikuwa za msamiati, kama ilivyo kati ya Kiswahili cha Mombasa na cha Unguja, lakini sarufi ilikuwa moja. Makaburu walizigawa shule, wala hawakufanikiwa kuigawa lugha. Kwa kijana wa Dobsonville na yule wa Melrose, ugunduzi huo ulikuwa na maana ya moja kwa moja: walikuwa watu wa jamii moja kabla hawajaonana.

Sheria zilianza kufuata. Katiba ya mwaka 1996 iliitaka bodi ya taifa ya lugha kuikuza lugha ya alama, na sheria ya shule ya mwaka huo huo iliipa hadhi ya lugha rasmi kwa ajili ya kujifunzia katika shule za umma. Shirika la utangazaji la SABC lilianza kurusha kipindi cha televisheni kilichoandaliwa kwa ajili ya viziwi. Mwaka 1999 Wilma Newhoudt-Druchen aliingia bungeni na kuwa mbunge wa kwanza kiziwi nchini humo. Katika kipindi hicho Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilianzisha kituo cha taaluma za viziwi, na mwaka 2006 kituo hicho kilizindua mpango wa kuwatembelea nyumbani wazazi wa watoto wachanga viziwi, ili mazungumzo yaanze mapema.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa ikipita njia hiyo. Uganda iliitaja lugha ya alama katika katiba yake ya mwaka 1995, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi akawa mbunge kiziwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya ishara, kama inavyoitwa huko, kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mwaka huo huo wa 2010, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa rasmi maazimio ya Milano. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Sydney na uwanja wa Soweto

Vijana hujifunza kujithamini pia kwa kuwatazama walio kama wao. Katika michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, muogeleaji kiziwi wa Afrika Kusini, Terence Parkin, alishinda medali ya fedha katika mita 200 za mtindo wa kifua. Waogeleaji wengine walisikia mlio wa kuanzia, yeye alitazama mwanga wa taa. Hakuhurumiwa wala kupunguziwa umbali. Kwa watoto waliozoea kuambiwa kwamba mwili wao una kasoro, hilo lilikuwa somo ambalo hakuna mwalimu wa matamshi aliyeweza kulitoa.

Mwaka 2011 Durban ilikuwa mwenyeji wa kongamano la Shirikisho la Viziwi Duniani, la kwanza kufanyika barani Afrika. Lakini miaka miwili baadaye likatokea tukio la kuudhi. Tarehe 10 Desemba mwaka 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela kwenye uwanja wa FNB, kando ya Soweto, mtu mmoja alisimama pembeni mwa viongozi wa dunia, akiwemo Rais Barack Obama, akijidai kuwa mkalimani wa lugha ya alama. Viziwi waliokuwa wakitazama televisheni walitambua mara moja kwamba mikono yake haikuwa ikisema lolote. Viongozi wa viziwi wa Afrika Kusini walilalamika siku hiyo hiyo, na serikali ikakiri baadaye kwamba makosa yalifanyika.

Dunia ililigeuza jambo hilo kuwa kichekesho. Kwa vijana viziwi wa Johannesburg halikuwa la kuchekesha. Katika siku ya kumuaga mtu aliyepigania utu wa kila mwananchi, lugha yao iliwekwa jukwaani kama pambo, na hakuna aliyekuwa karibu mwenye ujuzi wa kutambua kwamba haikuwapo.

Mtihani mbele ya kamera

Mabadiliko makubwa zaidi yalianzia mahakamani. Mwaka 2009 mwanafunzi kiziwi wa jimbo la KwaZulu-Natal alifungua kesi dhidi ya Wizara ya Elimu, akidai lugha ya alama itambuliwe kuwa somo la mtihani wa mwisho wa sekondari. Wenzake wanaosikia waliweza kufanya mtihani wa lugha yao ya nyumbani, yeye hakuweza. Shauri hilo liliisukuma serikali kuandaa mtaala. Kuanzia mwaka 2015 lugha ya alama ilianza kufundishwa kama somo katika shule za viziwi, na mwaka 2018 watahiniwa wa kwanza waliifanyia mtihani wa kumaliza kidato cha mwisho.

Katika mtihani huo mtahiniwa hutazama maswali na hadithi zilizorekodiwa kwa alama, kisha naye hurekodi majibu yake mbele ya kamera. Insha yake ni mikono na uso wake. Msahihishaji huupima ufasaha, mpangilio wa hoja, na hata ushairi wa alama, kwa kuwa lugha hiyo ina fasihi yake. Kwa mara ya kwanza tangu azimio la Milano, taasisi ya serikali nchini humo ilimtaka kijana kiziwi anyanyue mikono yake ili apewe alama za kufaulu.

Hata hivyo safari haijafika mwisho. Sheria imebadilika haraka kuliko walimu. Wapo wanaofundisha viziwi bila kuimudu lugha ya alama, na wanafunzi hulazimika kuwasaidia walimu wao kuelewa. Sera ya elimu jumuishi ya mwaka 2001 inataka watoto wenye ulemavu wasitengwe na wengine, lakini kwa kiziwi aliyewekwa peke yake katika darasa la watu 40 wanaosikia, bila mkalimani, kujumuishwa kunaweza kuwa upweke wa namna mpya. Tofauti za fedha nazo hazijafutika. Upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu ndani ya sikio, uliofanywa kwa mara ya kwanza nchini humo mwaka 1986 katika hospitali ya Tygerberg, bado ni ghali mno kwa familia nyingi za vitongojini. Na hata wanaoumudu wanakumbushwa na viziwi watu wazima kwamba mtoto mwenye kifaa naye anahitaji lugha anayoimudu kikamilifu, iwe ya sauti, ya mikono au zote mbili.

Kuhusu furaha na kujithamini, hakuna sheria inayoweza kuviamuru viingie moyoni mwa kijana. Kijana kiziwi wa Soweto ana mashaka yale yale ya jirani yake anayesikia: ngozi yake, urefu wake, nguo zake, mtu anayempenda asiyemtazama, kazi ambayo huenda asiipate. Linalomtofautisha ni kama yupo mtu wa kumweleza mashaka hayo. Kwa sababu hiyo viongozi wa viziwi nchini Afrika Kusini wamekuwa wakisisitiza kwamba hatua inayofuata baada ya katiba ni wazazi. Mama anayejifunza alama mtoto akiwa mchanga humpa kitu ambacho shule, hata iwe nzuri namna gani, hukitoa kwa kuchelewa.

Shule ya Mtakatifu Vincent siku hizi hupokea watoto wa rangi zote, nayo ilishaachana na kufundisha kwa mdomo pekee. Huko Dobsonville, Sizwile bado ipo. Vijana wa shule hizo mbili hukutana kwenye michezo, na kila upande huja na alama zake chache ambazo mwingine hazijui. Huulizana, hucheka, kisha mazungumzo huendelea.